Kadi Fupi ya Marehemu

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifungia samaki kabla hamjalisoma, siwalaumu. Yaliyopita ni haya.

Mimi ni Hsin-Ju, nyumbani wananiita A-Ju. Nina kibanda ghorofa ya nne katika jengo la Guanghua, mjini Taipei, nauza kadi za picha zilizotumika, vile vibao vinavyochomekwa ndani ya kompyuta ili michezo iende laini bila kukwamakwama. Kibanda tulikianza wawili, mimi na mume wangu Chih-Kai. Mwaka jana, tufani ilipokwisha, pikipiki yake ilikutwa imelala ukingoni mwa mto Xindian. Yeye mwenyewe hakuonekana. Tulizika nguo zake.

Kisha ukaingia mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi ambao wafu hufunguliwa mlango wakaja kutembea. Ndipo baba mkwe wangu, Mzee Tu, alipokuja kibandani na kadi mbili kuukuu ndani ya mfuko wa mboga. Akaziweka mbele yangu, akasema, "Kai amenijia ndotoni. Anauliza ipi bora."

Hapo ndipo niliposhikwa na kigugumizi, na hapo ndipo ninapoendelea.

"Ipi bora kwa nani, Baba?"

"Kwake."

"Baba, Kai amekufa."

"Kwani aliyekufa hachezi? Wewe ulimchomea kompyuta ya karatasi siku ya mazishi. Ulidhani ataiangalia tu?"

Ni kweli niliichoma. Kwetu maiti hapelekewi maua tu. Nyumba, gari, viatu, simu, vyote hutengenezwa kwa karatasi na mianzi, vikapelekwa kwake kwa moto. Na aliyepungukiwa na kitu huko aliko huja ndotoni kukidai. Hayo tumeyakuta na tutayaacha.

Kibanda kinachotazamana na changu ni cha Dada Mei-Chih, muuza nyaya, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kitasa. Akaweka chini bakuli lake la tambi.

"Mzee Tu, huko kuzimu intaneti yao inalipiwaje? Hii ya nyumbani kwangu imenichosha, nataka nihamie."

"Mei-Chih, mwezi huu usifanye mzaha. Wamesimama hapo nyuma yako, wanakusikia."

Dada Mei akacheka. Lakini niliona amegeuka kutazama nyuma.

Mzee Tu alikuwa dereva wa basi maisha yake yote. Simu yake mwenyewe humshinda kuizima. Kadi hizi kwake ni bati na plastiki. Nikazishika. Moja ilikuwa 1050 Ti, yenye feni moja. Nyingine 1650, yenye feni mbili ndogo. Zote fupi, zile za nusu kimo, na zote hazina tundu la waya wa ziada wa umeme. Zinakula umeme wa ubao mama tu, ule ubao mkuu wa kompyuta.

"Umezitoa wapi?"

"Nimenunua chini, ghorofa ya kwanza. Fundi Lan, yule wa vitu vya wafu, atatengeneza ya karatasi, tutaichoma tarehe kumi na tano. Ila hataki kutengeneza ovyo. Anataka kujua ni ipi. Wewe zipime kama alivyokuwa anapima Kai."

Kama alivyokuwa anapima Kai! Maneno hayo yaliniingia pabaya. Kwa miaka minane mume wangu alikaa kwenye kiti kile kile, mbele ya kamera, akiwapimia watu kadi za zamani. Unamletea mbili, anazichezea mchezo mmoja, anakwambia ununue ipi na ipi umrudishie mwizi wake. Video mia na kitu ziko mtandaoni. Kila moja anaianza kwa maneno yale yale: "Kadi haizeeki, ndugu zangu, anayezeeka ni mwenye nayo."

Tangu afe sijaketi kwenye kiti chake. Siku hiyo niliketi.

Nikachomeka ile 1050 Ti kwanza. Nikafungua ule mchezo wa magari aliokuwa akiutumia. Nikaendesha mzunguko mzima. Picha arobaini na nne kwa sekunde, na kwenye kona yenye mvua zikashuka hadi thelathini na tano. Nikaweka 1650. Sitini na moja, na kwenye mvua haikuyumba.

"Hii ya feni mbili," nikasema. "Ile nyingine imepitwa. Kumbukumbu yao ni sawa, giga nne kwa nne, ila hii ina nguvu zaidi na haijachoka. Sikia feni yake. Haina kigugumizi."

"Haitampa shida?"

"Shida gani?"

Mzee Tu akatoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema taratibu, kama mtoto aliyekaririshwa.

"Itaingia kwenye kasha jembamba? Alisema kasha lake jembamba, upana wa kiganja. Na kisanduku chake cha umeme ni kidogo, hakina waya wa ziada."

Mikono yangu ikasimama juu ya kadi.

Wasomaji wangu, mwenye macho haambiwi tazama. Kompyuta niliyomchomea mume wangu niliiagiza mwenyewe kwa Fundi Lan. Ilikuwa na kimo cha kunifika kiunoni. Niliomba iwe na kisanduku cha umeme cha wati mia nane na hamsini, na fundi akaandika namba hiyo kwa wino mwekundu, maana Kai maisha yake yote alitamani mashine kubwa akaishia kupima kadi za wenzake. Huko ahera, kama ahera ipo, mume wangu ana kasha ambalo lingemeza kadi tatu ndefu.

Basi hili kasha jembamba ni la wapi?

Kasha la upana wa kiganja nalifahamu. Ni zile kompyuta kuukuu za maofisini, zinazouzwa kwa mafungu kampuni ikihama. Watu wasio na kitu huzinunua, wakazitia kadi fupi isiyohitaji waya. Ni mashine ya mtu mwenye shida. Na ni mashine ya mtu aliye hai.

"Baba," nikasema, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali, "amekueleza hayo yote ndotoni?"

"Ndotoni."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa... alikuwa Kai." Hakunitazama. "Fundi Lan anazitaka zote mbili mkononi, apate vipimo. Nitazichukua."

Nilitaka kumkamata ukosi wa shati nimtikise. Nilitaka kumpigia magoti. Miezi kumi nimelala upande mmoja wa kitanda, nikiuacha wa pili baridi, na huyu mzee anajua kitu! Lakini mtu akikuficha jambo, ukimfokea anazidi kulifukia. Nikatabasamu.

"Sawa, Baba. Ila hii ya feni mbili ina vumbi. Niachie niisafishe, wewe nenda kanunue chai. Ya kwangu isiwe na sukari."

Alipoteremka ngazi nilishika bisibisi. Skrubu nne. Nikazibandua feni na bati lake la kupozea. Kati ya bati hilo na jicho la kadi, ile chipu yake ya katikati, hupakwa dawa ya kijivu, nzito kama dawa ya meno, inayopitisha joto. Bila hiyo, jicho hujipika lenyewe. Nikachukua kitambaa chenye spiriti, nikaifuta dawa yote, nikaacha alama tu, ukungu wa kudanganyia. Nikafunga skrubu zangu.

"A-Ju," Dada Mei akaniita kutoka kibandani kwake. Sauti yake safari hii haikuwa na utani. "Unafanya nini hapo? Hiyo si kusafisha."

"Namtegea mtu."

"Nani?"

"Sijui. Kama ni maiti, hatadhurika. Karatasi haina joto."

"Na kama si maiti?"

"Kama si maiti, kadi itawaka vizuri, itacheza vizuri, na baada ya dakika kama kumi itaanza kujipunguza nguvu isiungue. Picha zitakwama. Aliye hai atalalamika."

Dada Mei aliweka chini nyaya alizoshika. "Shoga yangu," akasema, "mwezi huu watu hawachokozi vilivyolala."

Mzee Tu akarudi na chai. Nikampa kadi zote mbili ndani ya mfuko wake wa mboga. Alinishukuru mara tatu. Mtu mwongo hashukuru mara moja.

Tarehe kumi na tano, alasiri, wafanyabiashara wote wa jengo tuliteremka barabarani kama kila mwaka. Meza zilipangwa mstari mmoja zikajaa matunda, bia, tambi za pakiti, mchele, na zile pakiti za kijani za vitafunwa ambazo sisi watu wa kompyuta huziweka juu ya mashine ili zisilete ukaidi. Kila chakula kilichomekewa udi. Moshi uliziba taa za barabarani. Tanuri la kuchomea lilisimama pembeni, bati lake limekuwa jekundu.

Fundi Lan alikuja na kisanduku cha viatu. Akakifungua mbele yangu kwa fahari. Ndani mlikuwa na kadi ya karatasi, fupi, feni mbili, kila skrubu mahali pake.

"Mama, nimeishi miaka sitini," akaniambia, "nimewatengenezea wafu mabasi, majumba, hata mashine ya kufulia. Kitu kidogo hivi hakijawahi kunitoa jasho namna hii."

Mzee Tu alipiga magoti, akainua kadi ya karatasi kwa mikono miwili. "Kai, mwanangu, pokea. Ni ile mkeo aliyokuchagulia." Akaitupa. Moto ukaidaka na kuila mara moja.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akatia mkono kwenye koti, akatoa kadi ya kweli, ya bati na plastiki, na kabla mtu hajasema kitu akaitupa nayo ndani.

"Mzee!" Dada Mei akapiga kelele. "Hiyo plastiki! Utatuua na moshi huo!"

"Ya karatasi ni nyepesi," Mzee Tu akajibu, machozi yanamtiririka. "Nataka apate nzito."

Kama kadi niliyoitegea mtego ndiyo hii aliyoichoma mbele ya macho yangu, basi hakuna kasha jembamba popote. Hakuna mtu. Ni mzee tu aliyefiwa na mwanawe, anayechanganya ndoto na maneno aliyoyasikia kibandani kwangu. Na mimi, mke wa marehemu, nimeifuta dawa sadaka yake. Nilijiinamia pale barabarani nikalia kwa sauti. Niliona haya, na niliona uchungu, na zaidi ya vyote niliona jinsi nilivyokuwa nimetumaini. Sikuwa nimejua ukubwa wa tumaini hilo mpaka lilipoondoka.

Dada Mei akanishika bega. "Lia. Tangu mazishi hujalia hivi."

Watu walipoanza kufungasha meza zao, nilichukua koleo nikaenda tanurini. Nilitaka kuokota mabaki nikayazike pamoja na zile nguo. Plastiki ilikuwa imekwisha yote. Ubao umekuwa mkaa. Kilichobaki ni lile bati la chuma la mwisho wa kadi, lenye matundu ya kuchomekea waya wa skrini.

Nikaligeuza kwenye mwanga.

Lilikuwa na tundu pana, la waya wa kizamani.

1050 Ti ina tundu hilo. Ile 1650 niliyoipima haikuwa nalo. Ilikuwa na matundu madogo tu, nilichomeka skrini kwa mikono yangu. Kadi iliyoungua ni ile niliyosema imepitwa. Ile bora, ile niliyoifuta dawa, haikuwa kwenye moto.

Nikasimama na lile bati kwenye koleo.

"Baba. Ile ya feni mbili iko wapi?"

Mzee Tu alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akaendelea kukunja. "Ipo kwa Fundi Lan. Aliibakiza kwa vipimo."

Fundi Lan alikuwa hatua mbili kutoka pale, anakula chungwa la sadaka.

"Kwangu?" akasema. "Mzee wangu, mimi sijashika kadi yoyote. Ulinionyesha picha kwenye simu, ndiyo maana nilitoka jasho."

Kitambaa kikamwanguka Mzee Tu. Uso wake ulibadilika rangi ukawa wa jivu. Alinitazama mara moja tu, na katika kutazama huko hapakuwa na uongo tena, palikuwa na hofu. Akaokota kofia yake, akavuka barabara magari yakimpigia honi, akapotea.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaenda nyumbani kwake Banqiao, nikagonga, taa inawaka ndani na mlango haufunguki. Nikamwambia kupitia tundu la ufunguo, "Baba, yu hai? Niambie hilo moja tu. Mengine kaa nayo." Nilisikia anapumua upande wa pili wa mlango.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafungua kibanda, nikamwona amesimama kando ya nguzo. Hakuwa amenyoa. Hata Dada Mei hakumtania.

"A-Ju," akasema, "Kai ameniota tena."

"Ameniota" badala ya "nimemwota." Alikuwa amechoka kiasi hicho.

"Anasemaje?"

"Anasema kadi inachoka. Inacheza vizuri mwanzoni, halafu picha zinakwama. Anasema umrekebishie, au umpe nyingine."

Mtego umenasa! Nilimvuta ndani, nikashusha mlango wa chuma nusu. Dada Mei, bila kuambiwa, akaja akasimama nje kuwazuia wateja.

"Baba, nisikilize. Kadi hiyo mimi ndiye niliyeiharibu. Niliifuta dawa makusudi, nijue kama anayeitumia ni mtu mwenye mwili. Sasa nimejua. Yuko wapi?"

Mzee Tu akaketi kwenye kiti cha Kai. Akajishika kichwa.

"Sijui."

"Baba!"

"Sijui, mwanangu, nakuapia kwa kaburi la mama yake. Sijamwona. Ni sauti tu. Ilinipigia kabla ya mwezi wa saba kuingia. Ikasema, 'Baba, ni mimi.' Nikakata, nikadhani matapeli. Ikapiga tena. Ikasema, 'Kadi haizeeki, anayezeeka ni mwenye nayo.' Ikacheka. A-Ju, ni kicheko chake! Nisingekosea kicheko cha mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'A-Ju akijua, hamtaniona tena. Mwambie umeota. Ni mwezi wa saba, hakuna atakayekuuliza.' Kadi nilizinunua, zikapimwa, ile bora nikaituma kwa kifurushi cha duka kwa duka. Huyo mtu anaichukua kwenye duka lolote, anataja namba tatu za mwisho za simu, basi. Na ile mbovu niliambiwa niichome mbele yako ili usiulize."

"Kwa nini hakununua kadi mwenyewe? Zimejaa kila mahali."

"Nilimwuliza. Alisema, hataki kadi ambayo haijapimwa na mkewe."

Nilifumba macho. Hilo, wasomaji, lilikuwa neno la Kai. Ndivyo alivyokuwa. Alipima kadi za watu wote, lakini ya kwake mwenyewe alinipa mimi niipime, akisema daktari hajitibu. Hilo hakulisema kwenye video hata moja.

Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Yu hai. Mjinga yule, mwizi wa usingizi wangu, yu hai!

Halafu furaha ile ikanitoka taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyopasuka, kwa sababu nilianza kufikiri kama mtu wa kazi.

Kai amelalamika kwamba kadi inachoka baada ya dakika kumi. Kai, ambaye hajawahi katika maisha yake kuchomeka kadi asiyoifungua kwanza. Hata kadi mpya dukani alikuwa anaifungua, muuzaji akimtukana. Kadi inayochoka baada ya dakika kumi, kwa Kai, ni skrubu nne na tone la dawa. Angeimaliza kabla chai haijapoa. Asingempigia baba yake.

"Baba," nikasema polepole, "hiyo sauti ilisema ina nini kadi?"

"Inachoka."

"Haikusema kwa nini?"

"Hapana. Iliniuliza mimi. Mimi najua nini?"

Nikazikumbuka zile video. Miaka minane ya sauti ya mume wangu, hotuba zake, vikohozi vyake, kicheko chake, vyote viko mtandaoni kwa yeyote mwenye kompyuta na nia mbaya. Siku hizi kompyuta huishona sauti ya mtu kama suti, akaivaa mwingine.

"Uliwahi kumwuliza kitu cha utotoni?"

Mzee Tu akainua uso. "Juzi. Nilimwuliza mama yake alikuwa akimwitaje alipokuwa mdogo. Akasema mtandao mbaya." Akameza mate. "Mtandao huwa mbaya, A-Ju. Si huwa mbaya?"

Nikamwekea mkono begani.

Na hapo simu yake ikalia.

Aliitoa mfukoni, akaiweka kwenye meza, kati ya bisibisi na chupa ya spiriti. Namba haikuonekana. Akanisukumia. "Pokea wewe. Mimi ni mzee, masikio yangu yanataka kuamini. Wewe ni mkewe. Wewe utamjua."

Nikabonyeza, nikaweka spika.

"Baba?" ikasema sauti.

Ilikuwa sauti yake. Nisidanganye. Ilikuwa yake mpaka kwenye ile mikwaruzo ya asubuhi.

"Ni mimi," nikasema. "A-Ju."

Kisha, "A-Ju. Nilitamani kukusikia."

"Kadi inachoka?"

"Inachoka. Uliniletea mbovu?"

"Umeifungua?"

"Kuifungua nini?"

Maneno mawili tu. Nilihisi nimefiwa upya, safari hii bila nguo za kuzika. Mzee Tu alikuwa ananitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari. Nikatikisa kichwa kumwambia siye.

"Wewe si mume wangu," nikasema kwenye simu. "Mume wangu angeifungua. Umepata wapi sauti yake, mbwa wewe?"

Upande wa pili mtu akavuta pumzi. Na sauti ya Kai, ile ile, sasa bila tabasamu ndani yake, ikasema:

"Haya. Tusichoshane, dada. Mimi kadi sizijui. Anayezijua yuko hapa kando yangu."

Nikashika ukingo wa meza.

"Ni mkaidi. Tunampa akaunti za watu za michezo awachezee, awapandishe daraja, ndiyo kazi tunayouza. Mashine yake ikafa. Kila kadi tuliyomletea aliikataa, akasema hachezi na kadi isiyopimwa na mkewe. Tumempiga, hakubadilika. Tukaona ni mapenzi, tukamtafutia. Ikaja yako. Akaifungua, nami nikadhani ndivyo inavyochomekwa, akaichungulia ndani, akaifunga. Hakutuambia kitu. Ilipoanza kukwama tukamwuliza ina nini." Sauti ikasita. "Akacheka. Tangu tumlete hapa hajawahi kucheka. Sasa nauliza, na nauliza kwa upole. Kadi ile imemwambia nini?"

Aliifungua. Aliona ukungu niliouacha. Alijua mkono ni wangu, na akajua kwamba nimeelewa. Kasha jembamba lilikuwa barua yake kwangu, na dawa iliyofutwa ilikuwa jibu langu. Akalificha midomoni asiwaambie, ila kicheko kikamponyoka.

Nililazimisha sauti yangu itulie. Uongo mmoja mzuri ungetosha kumwokoa. Kadi ni kuukuu. Kadi za zamani huchoka. Amecheka kwa sababu mkewe kwa mara ya kwanza amekosea kupima. Nilikuwa nao tayari kwenye ulimi.

"Ndugu yangu," nikaanza, "hiyo kadi ni ya—"

Lakini Mzee Tu hakuwa amesikia yote. Masikio yake yalikuwa yameshika jambo moja tu, kwamba mwanawe yuko pale, kando ya simu, anapumua. Akanipokonya simu kwa mikono yake yote miwili na kupaza sauti mpaka Dada Mei akainua mlango wa chuma.

"Kai! Mwanangu! Vumilia! A-Ju ameshajua yote, aliifuta dawa makusudi ili akujue!"

Nikaikamata mikono yake. Nilikuwa nimechelewa.

Kutoka kwenye spika tulisikia kiti kikisukumwa nyuma, kisha mlango ukifungwa kwa komeo, kisha sauti nyingine kabisa, ya Kai mwenyewe, isiyovaliwa na mtu, ikiita jina langu mara moja.

Simu ikakatika.